Si Mzito wa Kuelewa, Ninyi Ndio Hamkumuuliza

Pita kwenye stesheneri yoyote iliyo jirani na chuo au ofisi ya wilaya, siku ambazo dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Utakuta foleni. Kijana mmoja amekaa mbele ya kompyuta, wengine wamesimama nyuma yake na bahasha za vyeti mikononi, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kujaziwa fomu ya mtandaoni. Karibu wote wana simu janja. Wanatumiana picha na ujumbe wa sauti kutwa nzima, wanauza viatu Instagram, wanafuatilia mpira wa Ulaya dakika kwa dakika. Wamo wahitimu wa shahada. Lakini mbele ya fomu ile wanasalimu amri, wanatoa hela ili mtu mwingine abonyeze kwa niaba yao. Kenya ni yaleyale: kila Juni, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha taarifa za kodi inapokaribia, saiba za mitaani hufurika watu waliokuja kulipia kubofyewa.

Hiyo ni kodi juu ya kodi. Haikupitishwa na bunge lolote, haina risiti, na anayeilipa ni mtu ambaye kosa lake pekee ni kutofikiri kama aliyetengeneza mfumo.

Ukiwauliza wenye mifumo, jibu lao liko tayari: wananchi hawana uelewa wa kidijitali, itolewe elimu kwa umma, ziandaliwe semina. Nalikataa jibu hilo kwa nguvu zangu zote. Mama anayeuza vitenge Kariakoo, anayejua kichwani nani anadaiwa kiasi gani, tangu lini, na nani alimdhamini, hana upungufu wa akili wala wa kumbukumbu. Ana namna yake ya kupanga mambo, na namna hiyo imemlisha yeye na wanawe. Mfumo unaoshindwa kumhudumia mtu kama huyo umeshindwa kazi yake, na mwenye kupaswa kuona haya ni aliyeujenga.

Programu nyingi tunazotumia zimesimama juu ya dhana moja ya namna binadamu anavyofikiri: kwamba anapenda vitu viwekwe kwenye mafungu, mafungu yawe ndani ya mafungu makubwa zaidi, kisha yeye ashuke ngazi kwa ngazi mpaka akipate anachokitaka. Ndiyo maana ukitaka kununua umeme unaweza kuambiwa uanzie "Huduma za Kifedha", uingie "Malipo", halafu "Bili", halafu "Nishati", ndipo ukutane na LUKU. Nyumba iko gizani, mtoto ana mtihani kesho, na programu inakutahini uainishaji.

Si kila mtu anaipanga dunia hivyo, na jambo hili limejulikana kwa karibu miaka mia moja. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuwahoji watu wa vijijini. Aliwaonyesha picha za vitu vinne: nyundo, msumeno, gogo na shoka. Akawataka waseme kipi si cha kundi hilo. Waliopita shule walilitoa gogo, kwa kuwa vingine vyote ni zana. Wakulima wasiosoma walikataa. Kwao vyote vinne vilikwenda pamoja, maana msumeno na shoka vitafanya kazi gani bila gogo? Hata walipodokezwa kwamba vitatu vina jina moja, waliona jina hilo halina maana kwenye shughuli yenyewe. Luria aliona hapo fikra ambayo bado haijafikia dhana za jumla, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1974 kimewapa wengi kisingizio cha kuwadharau wasiosoma. Mimi naona watu wanaoipanga dunia kwa kazi inayotakiwa kufanyika. Kwa mtu anayetaka kuni, wao ndio waliokuwa sahihi.

Miongo kadhaa baadaye watafiti wa Kimarekani walifanya zoezi kama hilo na Wakpelle wa Liberia. Waliwapa vyakula, zana, vyombo na nguo, wakawaomba wavipange. Wakpelle wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa, na jembe pamoja na kiazi. Wakaeleza kuwa hivyo ndivyo mtu mwenye busara angefanya. Mwanasaikolojia Joseph Glick amesimulia jinsi mtafiti, baada ya kuhangaika sana, alivyouliza mwishowe: je, mjinga angevipangaje? Hapo hapo wakavitenga barabara, chakula upande huu, zana upande ule, mafungu yaleyale ambayo mtafiti alikuwa akiyasaka tangu asubuhi. Uwezo walikuwa nao. Hawakuona sababu ya kuutumia.

Natamani kisa hicho kibandikwe ukutani kwenye kila ofisi inayotengeneza programu Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali.

Sasa mwangalie mzazi anayelipa ada ya chuo cha serikali. Kichwani mwake hilo ni jambo moja: ada ya binti yangu, muhula wa pili, iishe leo. Namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, imemfikia kwa WhatsApp. Anainakili kwenye kipande cha karatasi kwa sababu akitoka WhatsApp hataiona tena. Anafungua programu ya benki. Kuangalia kama fedha zinatosha ni ukurasa wa "Akaunti". Kulipa ni ukurasa wa "Huduma", na ndani yake achague kama hayo ni malipo ya serikali, ya elimu au ya bili. Ada ya chuo cha serikali ni yote matatu. Akishalipa, risiti haiko pale alipolipia, iko "Miamala". Na binti anaisubiri risiti hiyo ili aruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Jambo moja limepasuliwa vipande vinne na kufichwa vyumba vinne tofauti, kwa sababu aliyejenga alipanga programu kwa idara za benki, wala hakupanga kwa haja za mzazi. Mzazi akikwama, mtaalamu anatikisa kichwa: huyu mzito wa kuelewa.

Kuna wanaodhani dawa ni kuweka picha badala ya maneno. Indrani Medhi Thies na wenzake, wakiwa Microsoft Research huko India, wamefanya kazi ya miaka mingi na watu wa kipato cha chini ambao hawakupata shule ya kutosha. Utafiti walioutoa mwaka 2013 ulionyesha kuwa hata maandishi yakiondolewa yote, menyu zenye ngazi zilizozamana ziliendelea kuwakwamisha watu hao, na orodha tambarare, ambapo kila kitu kiko wazi mbele yako, iliwafaa zaidi. Kumbe tatizo halikuwa herufi peke yake. Lilikuwa muundo. Mbunifu anayechora kijipicha cha balbu na kukizika ngazi ya tano hajamsaidia mtu.

Lakini kinachonichoma zaidi ni dharau dhidi ya tahadhari.

Vijana wengi wa IT ni wachokonoaji. Wakipewa programu mpya hawasomi kitu, wanabonyeza hapa na pale, wanaharibu, wanarudi, wanajaribu upande mwingine, na katika hali hiyo wanajifunza. Ni namna nzuri ya kujifunza. Kosa lao ni kudhani ndiyo namna pekee. Profesa Margaret Burnett wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, wamechambua tofauti hizi kwa undani na kutengeneza njia ya kukagua programu waliyoiita GenderMag. Wanaangalia, pamoja na mengine, kama mtu hukusanya taarifa zote kwanza ndipo atende, au hutenda kwa dalili ya kwanza aliyoiona. Kama anathubutu au anakwepa hatari. Kama hujifunza kwa kuchokonoa au kwa kufuata hatua moja baada ya nyingine. Wameonyesha kuwa programu nyingi huwapendelea wachokonoaji na wathubutu, na kwa kuwa wanawake wengi zaidi wako upande wa pili, upendeleo huo huwaangukia wao kwa uzito mkubwa. Wapo pia wanaume wengi wa upande huo huo. Programu ikirekebishwa kwa ajili yao, wote hufaidika.

Hayo ni ya Marekani. Hapa kwetu jambo hili lina makali zaidi, kwa sababu programu tunayoigusa mara nyingi zaidi ni ile yenye pesa ndani. Mchokonoaji anahitaji kitu kimoja ili uchokonoaji wake uwe na maana: kosa liwe rahisi kufutika. Ukikosea kwenye programu ya kuandikia barua, unarudisha. Ukikosea tarakimu moja kwenye kutuma pesa, umemtumia mtu usiyemjua kodi ya nyumba. Basi unampigia simu kumbembeleza, unapiga huduma kwa wateja, unasubiri, na ukimkuta mwenye roho ngumu keshazitoa kwa wakala. Anayesitasita mbele ya kitufe cha "Thibitisha" katika mazingira hayo anafikiri vizuri kuliko anayemcheka.

Na tulishaona kinachotokea tahadhari hiyo inapoheshimiwa. Zamani Kenya, jina la uliyemtumia pesa kwa M-Pesa lilikufikia kwenye ujumbe wa uthibitisho, pesa ikiwa imeshaondoka. Watu hawafikiri kwa namba; wanafikiri kwa watu. Namtumia shangazi, namtumia fundi bomba. Safaricom ilipoleta Hakikisha, mtumaji akapata kuona jina kabla muamala haujakamilika, na nafasi ya kusitisha. Tanzania nako leo tunaona jina kabla ya kuingiza namba ya siri. Mstari mmoja tu wa maandishi kwenye kioo umeokoa ugomvi na machozi mengi. Haukuhitaji simu mpya wala semina. Ulihitaji mtu akubali kwamba mteja ana haki ya kujiuliza mara mbili.

M-Pesa yenyewe ilizaliwa hivyo. Majaribio yake, yaliyoongozwa na Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, yalianza Kenya mwaka 2005, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Mpango ulikuwa watu warejeshe mikopo yao kwa simu. Watu wakapewa simu, wakaanza kufanya mengine kabisa. Mwingine aliweka pesa mwanzo wa safari akazitoa saa chache baadaye alikokwenda, asiibiwe njiani. Wafanyabiashara wakaifanya sanduku la kuhifadhia mauzo ya siku mpaka asubuhi. Watu wakalipiana. Waanzilishi wangeweza kusema watumiaji hawajaelewa mfumo. Badala yake waliangalia watu wanachokitaka, wakaiacha shughuli ya mikopo ikae pembeni, na Machi 2007 wakaingia sokoni na wito mmoja ambao kila mtu aliuelewa: tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata ikavuka kuja Tanzania. Kila mtu wa teknolojia Afrika Mashariki anapenda kuitaja M-Pesa anapoomba mtaji. Ni wachache wanaofanya kazi kama waliyoifanya waliokuwa Thika.

Hata ile menyu ya nyota na reli inayodharauliwa leo, ambayo wakuu wa masoko wanatamani ife ili wote tuhamie kwenye aplikesheni, ina adabu ambayo aplikesheni nyingi hazina. Piga *150*00# ya M-Pesa Tanzania, itakuonyesha orodha fupi yenye namba. Asiyejua anasoma moja baada ya nyingine na hakuna kinachomvuruga macho. Wakala aliyezoea hasomi kabisa. Vidole vinatangulia macho, anajua baada ya tarakimu hii inafuata ipi, anamaliza muamala huku akiongea na mteja wa pili. Watu wawili wenye namna mbili tofauti kabisa za kufikiri, na menyu ileile imewatosha wote. Halafu siku moja mtu ofisini anaamua kupanga upya orodha ili bidhaa mpya ya mkopo ikae namba moja. Kwake ni badiliko dogo. Kwa wakala, ni kufutiwa kumbukumbu ya vidole iliyojengwa kwa miaka. Microsoft ilipata somo hilo hadharani: mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8, watu duniani kote wakapiga kelele, na mwaka uliofuata, kwenye Windows 8.1, ikakirudisha. Sisi tukipiga kelele, nani anarudisha?

Nitaje na saa, kwa sababu watu wamekosa mabasi. Mswahili huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Basi la alfajiri linaondoka saa kumi na mbili. Tiketi ya mtandaoni imeandikwa 06:00, na ujumbe wa kukumbusha umeandikwa "saa 6:00". Mtu mzima anayesoma vizuri kabisa anapanga kufika stendi mchana. Mamilioni ya watu wanaishi kwa hesabu hii ya saa, ni ya mantiki, ni ya zamani, na bado tunaitengenezea tiketi kana kwamba haipo. Kuandika "saa 12 asubuhi, 06:00" kwenye tiketi kunagharimu nini?

Nimesikia hoja mbili za upande wa pili na moja ninaiheshimu. Inasema mambo haya ya aina za fikra yamejaa upuuzi: watu wanagawanywa kuwa "wa picha" na "wa sauti", wanapewa dodoso, wanabandikwa majina. Ni kweli. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na kukuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi akifundishwa kwa mtindo anaoitwa wake hufaulu zaidi. Kwa hiyo sidai Mtanzania awekewe programu ya Kitanzania na mwanamke ya kike. Mtu mmoja huwa mwangalifu kwenye pesa na mchokonoaji kwenye kamera. Ninachodai ni programu isiyomfungia mlango yeyote kati ya hao.

Hoja ya pili, kwamba ni gharama, siiheshimu hata kidogo. Katharina Reinecke, akiwa Chuo Kikuu cha Zurich, alitengeneza programu ya orodha ya kazi inayojibadilisha muonekano kulingana na nchi ambazo mtu amewahi kuishi, na Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi alizoanza nazo kwenye utafiti wake. Watumiaji waliopewa muonekano uliowalenga walikamilisha kazi haraka zaidi kwa 22%, na walikosea mara chache zaidi. Asilimia 22! Hesabu ni saa ngapi za wauguzi, makarani na walimu zinaungua kila siku mbele ya mifumo isiyowajua, ndipo uniambie kilicho ghali. Gharama ipo tayari. Mmeitoa kwenye bajeti yenu mkaihamishia kwa mwananchi pale stesheneri.

Mnajenga kwa vipimo vya watu wengine, na watu hao ni wachache. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba 96% ya watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina takribani 12% ya watu wa dunia. Vitabu vya ubunifu mnavyovisoma vimejengwa juu ya elimu hiyo. Mkivifuata bila kwenda kuwaona watu wenu, mnamtengenezea mtu wa Ohio mfumo wa kulipia maji Tabora.

Wakuu wa taasisi za umma mnaosaini mikataba ya mifumo, ninyi ndio wenye kalamu. Andikeni kwenye mkataba kwamba mkandarasi halipwi fungu la mwisho mpaka watu wa kawaida, wa umri na kazi mbalimbali, wamekamilisha huduma nzima wenyewe bila kushikwa mkono. Andikeni kwamba kila hatua yenye pesa au yenye kutuma maombi ionyeshe kitakachotokea kabla hakijatokea, na iwe na njia ya kurudi. Andikeni kwamba menyu haipangwi upya bila taarifa, na kwamba njia ya nyota na reli haizimwi wakati bado kuna watu wanaoitegemea.

Nanyi vijana wa IT, ambao ujuzi wenu nauheshimu na tunauhitaji, fungeni kompyuta zenu siku mbili kabla ya kuzindua. Nendeni pale stesheneri. Simameni nyuma ya foleni, mtazame kidole cha mtu kinapositasita, na msimwambie abonyeze wapi. Mkiona watu watatu wamesita mahali pamoja, rudini ofisini mkapabomoe.

Na wewe msomaji, ukikwama tena mbele ya fomu, usiseme "mimi na haya mambo ya mitandao wapi na wapi". Piga picha ukurasa uliokukwamisha, andika ulichokuwa unataka kufanya, uwatumie wenye mfumo, na udai jibu.